Kuzika na Kupanda: Msitu na Fedha katika Mũrogi wa Kagogo

Katika Mũrogi wa Kagogo, riwaya ya Kigĩkũyũ ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2006, Mtawala wa Aburĩria anasubiri mkopo wa Benki ya Ulimwengu ili ajenge mnara wa kufika mbinguni, huku Kamĩtĩ akijitenga msituni kujifunza mitishamba. Ni rahisi kuuona msitu huo kuwa kimbilio tu: mjini uozo, mwituni usafi. Usomaji huo, kwa maoni yetu, unaifisha makali tashtiti ya riwaya.

Kiini kimo katika tukio la magunia matatu ya noti za Buri (jina linalokaribiana mno na "bure"). Tajirika amezipokea kutoka kwa watu wanaowania zabuni za mnara usiokuwapo, kisha anamlipa nazo mganga. Kamĩtĩ, ambaye pua yake hunusa uvundo wa fedha, anazifukia ardhini. Kwake huko ni kuzika. Watawala wanakufasiri kuwa ni kupanda, na Mtawala anaitamani siri ya pesa inayoota mtini.

Msomaji hucheka, lakini anamcheka nani? Benki nayo inaamini kwamba fedha huzaa bila jasho la mwenye fedha. Neno "riba" lenyewe, katika Kiarabu lilikotoka, hubeba maana ya kuongezeka. Kosa la Mtawala ni kusadiki waziwazi kile ambacho wajumbe wa Benki hukificha ndani ya tarakimu. Hivyo mti wa fedha si ndoto ya mshenzi asiyejua uchumi. Ni uchumi huohuo uliovuliwa nguo.

Wala msitu hauko nje ya mgogoro huu. Jina la Kamĩtĩ limebeba mti, lakini Kamĩtĩ ni pia gereza ambamo Ngũgĩ aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1978. Panapolegea ni katika sura za mitishamba: hapo kejeli inanyamaza, na mwandishi haulizi dawa hizo zitauzwaje, na nani, zikishafika mjini. Nyawĩra, anayemkatalia Kamĩtĩ kujiokoa peke yake mwituni, anaukaribia ukosoaji huo kuliko msimulizi.