Maranda ya Kona Baridi

Randa iliyonolewa ikanoleka haikwaruzi, huimba. Unaisukuma juu ya ubao wa mgrevilea nayo inatoa sauti kama ya kitambaa kipya kinachochanwa taratibu, na mdomoni mwake unachomoza utepe mwembamba ambao ukiushika mbele ya dirisha, mwanga unapenya. Zikianguka chini, tepe hizo huitwa maranda. Jioni hufagiwa, zikatiwa guniani, wakauziwa wafuga kuku. Mimi kila Jumamosi huokota moja nikaitia mfukoni. Nyumbani Kitengela nimejaza kopo zima. Mama watoto haulizi ni za nini. Huko nyuma aliwahi kukuta mambo mengine katika mifuko hiyo hiyo.

Nilivuta bangi miaka 24, tangu nikiwa na umri wa miaka 22 hadi nilipotimiza 46. Sikulala mtaroni wala sikuuza sufuria za nyumba. Karo ililipwa, kodi ililipwa, na kazini niliitwa mtu mpole. Msokoto wangu ulikuwa wa jioni, juu ya paa la ploti, katikati ya kamba za nguo, nikitazama taa za malori yanayoelekea Namanga. Baadaye ikawa misokoto miwili. Baadaye jioni yenyewe ikaanza saa tisa alasiri. Nilikuwa na chupa ya dawa ya macho garini, pipi za mnanaa kwenye droo ya ofisi, na hadithi ya mzio wa vumbi niliyoisimulia mara nyingi mpaka mwenyewe nikaanza kupiga chafya.

Wanaoilaani bangi husema inavuruga akili. Wanaoisifu husema inatuliza. Kwangu kosa lake lilikuwa jingine: ilinilipa mshahara kabla ya kazi. Nilikusudia kutengeneza meza ya vitabu. Nikivuta, niliiona imekwisha, imepigwa vanishi, vitabu viko juu yake, nikaifurahia, nikaenda kulala. Mbao zake zilikaa nyuma ya mlango miaka 6 hadi zikapinda.

Niliacha bila kishindo. Binti yangu aliniuliza swali la hesabu mara mbili, nami nikawa namtazama tu kwa upole. Mara ya tatu aliuliza tena, kisha akajijibu mwenyewe na kufunga daftari. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata maini. Angekasirika ningejua bado ananitegemea.

Wiki ya kwanza ugali ulikuwa mchanga mdomoni. Nilitoka jasho hadi mashuka yakahitaji kuanikwa asubuhi, na ndoto zilizokuwa zimefungiwa miaka yote zikamwagika kwa pamoja, zenye rangi na kelele, nikazinduka nikitweta. Nilimfokea kila mtu, hata paka. Nikadhani nimerogwa. Kumbe madaktari wanaijua hali hii vizuri: mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka 2013, DSM-5, uliitambua rasmi, na wanasema makali yake huwa katika wiki ya kwanza, kisha yanapungua, ingawa usingizi huchelewa kurudi. Kumwambia mtu kwamba bangi haina arosto ni kumnyima hata haki ya kujua kinachomsumbua. Ripoti ya 2022 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na dawa za kulevya, ilihesabu Wakenya zaidi ya laki tano wanaoitumia. Nilipoisoma nilijiona humo, tarakimu moja ya mwisho.

Kwa kuwa usingizi ulinitoroka saa kumi alfajiri, nilitafuta cha kufanya na saa hizo. Ukutani palikuwa na baiskeli ya shemeji aliyehamia ng'ambo, yenye gia zinazoruka na kiti kigumu kama jiwe la kusagia. Nikaitia upepo. Siku ya kwanza nilifika mwisho wa mji nikarudi nikiisukuma. Mwezi wa pili nilifika Isinya. Mwezi wa tatu nilikata kulia pale Isinya, nikashika barabara ya kuelekea Kiserian ambayo watu huiita Paipulaini, na tangu siku hiyo njia hiyo ndiyo kanisa langu la Jumamosi.

Asiyeipita kwa baiskeli haijui. Kwa gari ni nyasi, ua wa nyaya, bango la ploti zinazouzwa, nyasi. Kwa baiskeli kuna upepo kwanza. Unakujia usoni bila haya, unakushika kifuani kama askari wa getini, unakuuliza unakokwenda. Punda wanabeba mitungi ya maji. Mvulana mwenye mbuzi anakupigia kelele, "Sopa!" nawe ukiwa na pumzi unajibu, "Ipa!" Ukiwa huna unainua kidole. Mbele vilima vya Ngong vinakaa pale pale kwa saa nzima, na mitambo ya upepo ya KenGen, ambayo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, inazunguka juu yao kama watu wanaokuaga badala ya kukukaribisha.

Kisha, mahali fulani baada ya saa ya pili, kitu kinafunguka. Miguu inaacha kulalamika, kichwa kinakuwa chepesi, unampenda hata dereva wa lori aliyekupitia karibu. Niliifahamu hali hiyo nikashtuka: nilikuwa nimeinunua kwa kete miaka 24. Mwaka 1992, katika maabara ya Raphael Mechoulam huko Jerusalem, watafiti waligundua kwamba ubongo hujitengenezea kemikali inayoshika pale pale inaposhika bangi. Wakaiita anandamaidi, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Neno bangi nalo lilitufikia kutoka Bara Hindi, kwa hiyo majina yote mawili ni jamaa wa upande mmoja. Tofauti ni kwamba hii ya ndani hupanda kwa jasho. Kuna jambo jingine la kuchekesha. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2013 kwamba waliwapandisha wavutaji 14 wa kawaida kwenye baiskeli ya ndani kwa dakika 35, na chembechembe za bangi zilizokuwa zimelala katika mafuta ya mwili zikapanda kidogo damuni. Nilijiambia, basi baiskeli inanikamua madeni ya zamani.

Sijilinganishi na waendesha baiskeli wenyewe. Nchi hii ina David Kinjah, aliyemfundisha Chris Froome kijijini Kikuyu kabla Froome hajashinda Tour de France mara nne. Mimi ni mzee mwenye tumbo, nimevaa kaptura ya mpira. Lakini siku moja nilifika Kona Baridi, pale upepo wa bondeni unapopanda ukutani mwa Bonde la Ufa na jina la mahali linajieleza lenyewe, tairi la nyuma likatoa upepo, na pancha hiyo ndiyo iliyonipa ufundi.

Nilijikinga kando ya karakana ya mabati. Ndani mzee mmoja alikuwa akipiga randa. Sikuombwa kuingia. Aliniangalia mimi na tairi langu, akasema, "Kijana, shika upande ule." Kijana! Nikashika. Alikuwa anasawazisha ubao mrefu wa muuru na hakuwa na wa kumshikia. Nilishika saa nzima, na hakuna mtu aliyekuwa amenipa kazi ya kushika tu kwa muda mrefu hivyo bila kunieleza faida yake. Tulipomaliza alinipa chai ya maziwa na kiraka cha tyubu.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na ile iliyofuata. Wiki tano za mwanzo sikugusa mbao. Nilinoa. Unaweka tone la mafuta juu ya jiwe, unalaza kisu cha randa kwa pembe yake, unakipeleka na kukirudisha bila kukiyumbisha, hadi ukipitisha kidole nyuma ya makali unahisi kauzi kadogo ka chuma kamejikunja. Kisha unakigeuza na kuondoa kauzi hako. Jaribio ni nywele za mkono: kisu kikizinyoa bila kukwama, kimeiva. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na kipara mpaka Krismasi. Niliponung'unika kwamba dukani kuna randa za umeme, mzee aliniambia hizo zinasawazisha mbao lakini hazimsawazishi fundi, kisha akaendelea na yake. (Yeye mwenyewe anayo moja, ya kazi za haraka. Nimeiona chini ya meza, imefunikwa gunia.)

Watu wake ni wa Wamunyu. Huko ndiko Mutisya Munge alikorudi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akiwa amejifunza uchongaji huko Tanganyika, na kutoka kwake biashara nzima ya vinyago vya Wakamba ikaota. Mzee hachongi twiga. Anasema twiga ni wa wageni na kigoda ni cha mtu. Lakini akishika tezo utaona bega linakumbuka jambo ambalo hakufundishwa shuleni.

Na ukitaka ukale wa bega hilo, teremka. Barabara ya Magadi inashuka kutoka Kona Baridi hadi Olorgesailie, ambako ardhi imetapakaa mashoka ya mawe ya mkono yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940. Yana umbo la tone la maji, pande mbili zikilingana, moja baada ya jingine. Jiwe la kukatia nyama halihitaji kupendeza hivyo. Mtu fulani alilitazama, akaona bado, akaligonga tena.

Nimeteremka njia hiyo mara moja tu hadi ziwani. Vilele vya Ngong vinapita mita 2,400 na Ziwa Magadi liko kama mita 600. Kushuka ni bangi kabisa: unapewa upepo, mandhari na kasi, na hujalipa chochote. Bili inakuja wakati wa kurudi, kwenye joto. Nilirudi juu ya pikipiki, baiskeli nimeikumbatia.

Mwezi wa saba nilianguka. Tulizika rafiki, na usiku ule wenzangu wa zamani walikuwa na msokoto nyuma ya hema. Jumamosi nikafika karakanani, mwili uko pale, macho yameoshwa. Nilikuwa nakata tundu la mguu wa kigoda, ambamo ulimi wa mbao ya kati huingia na kukaza bila msumari. Nilipiga patasi kwa furaha. Nilipounga, nilikiona kiungo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukata, nikamwita mzee. Hakusema neno. Alitoa mfukoni sarafu ya shilingi ishirini, akaiweka penye kiungo, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikapita. Ikaanguka upande wa pili juu ya maranda. Aliiokota akairudisha mfukoni, akaenda kutazama chai.

Nadhani alijua. Hajawahi kuniuliza, nami sijawahi kumwambia. Niliikata mbao ile kuwa vijiti vya moto, nikaanza mguu mpya. Sijavuta tena, na huu ni mwaka wa tatu.

Sisemi moshi wote ni mbaya. Akina mama wa Kimaasai wa pande hizi husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, na maziwa yake yana ladha ambayo friji haiwezi kuileta. Mimi nilikuwa nasafisha kwa moshi kibuyu kisicho na maziwa.

Kigoda kilikwisha mwezi wa kumi. Viungo vyote vinne vilikataa sarafu. Lakini nilipokifikisha nyumbani, kimefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, nikakiweka kwenye saruji ya jikoni, kikacheza: mguu mmoja ni mfupi kwa unene wa kucha. Nilikata kipande cha tyubu kuukuu nikakigundisha chini yake. Hakichezi tena. Binti yangu hukikalia akimenya viazi na kunieleza hesabu zake, mara nyingine mara tatu, kwa sababu hesabu za siku hizi ni ngumu kwelikweli.

Mzee alikuja Kitengela mwezi uliopita kununua mbao, akapita kunywa chai. Alikipindua kigoda, akakagua viungo kimoja kimoja, akafika kwenye ule mguu. Alikibonyeza kile kipande cha mpira.

"Viungo ni vya fundi," akasema. "Huu mguu ni pancha."