Kumjua Perege Akiwa Bado Kifaranga

Anayechimba bwawa la samaki Msowero, wilayani Kilosa, huletewa vifaranga kwenye ndoo au kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, na karibu kila mara huambiwa ni sato. Wengine ni sato kweli. Wengine ni perege wenyeji wa bonde la Wami, wengine machotara, na ukiangalia vizuri pengine utakuta furu wawili watatu waliozolewa na wavu mtoni. Wakiwa na urefu wa sentimita tatu, wote ni vijisamaki vya kijivu vyenye macho makubwa. Kuwatenganisha kunataka jicho lililozoea, na jicho hilo linafundishika.

Kwanza kabisa, usimhukumu samaki akiwa ndani ya ndoo. Perege hubadili rangi upesi: chombo cheupe humpausha, cheusi humkoleza, na akiogopa hutokewa na mistari ya ubavuni ambayo akitulia hufifia. Tafuta chupa ya kioo safi, yenye ubavu bapa ikiwezekana. Tia maji yaleyale aliyokuja nayo, muweke peke yake, simamisha karatasi nyeupe nyuma ya chupa, halafu subiri apumue polepole. Mwenye haraka hapa ataona hofu ya samaki, si samaki mwenyewe.

Jambo ambalo wauzaji hupenda kulionesha ni doa jeusi lililo nyuma kwenye pezi la mgongo. Doa hilo halitaji aina. Vifaranga wa ukoo mzima wa perege huwa nalo. Linalosaidia ni kinachotokea baadaye: kwa jamii ya Oreochromis, ambao majike wao huatamia mayai mdomoni, doa hufifia kadiri samaki anavyokua; kwa jamii ya Coptodon, wanaotaga chini na kulinda mayai hapohapo, mara nyingi hubaki hadi ukubwani. Kwa hiyo doa kwenye kifaranga ni salamu tu.

Mkia ndio ninaoukalia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Sato, yaani Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba ya wima inayoukata mkia kwa safu, kuanzia shinani hadi ukingoni. Subiri atandaze mkia anapogeuka, mwanga ukiwa unatokea nyuma yake. Mistari ile hupangana kwa nafasi zinazokaribiana, na samaki akishafika urefu wa kidole hutahitaji miwani kuiona. Perege wa Wami hana safu hiyo. Mkia wake huwa mtupu, au una madoa hafifu yasiyo na mpangilio. Nikikuta mistari iliyokatikakatika, inayoanza juu na kupotelea katikati, naanza kufikiria uchotara, ila kwa mdogo sana sikati shauri, kwa sababu hata sato halisi mistari yake huwa bado haijakamilika katika umri huo.

Lakini mkia usio na mistari haumthibitishi mwenyeji. Hapa wengi hukosea. Kuna Oreochromis leucostictus, samaki wa asili ya maziwa Edward na Albert, ambaye amesambazwa katika mabwawa na mito ya Tanzania sambamba na sato. Naye hana mistari ile. Akikomaa, dume wake huwa mweusi mwenye vidoa vyeupe ubavuni na humkosi, lakini kifaranga wake anaweza kupita mbele ya macho yako akiitwa perege wa kienyeji. Hesabu ya miiba ya pezi la mgongo nayo haikuokoi, maana idadi za aina hizi zinaingiliana.

Furu ni rahisi zaidi. Umbo lake ni jembamba kidogo, hakui sana, na dume akianza kupevuka huota vidoa vya manjano au rangi ya chungwa kwenye pezi la nyuma ya tumbo, mfano wa mayai. Samaki huyu ana historia na Kilosa yenyewe. Mwaka 1883 Mfaransa Sauvage alimwandika kwa jina la nahodha Bloyet, aliyekuwa na kituo Kondoa ya Usagara, jirani na Kilosa ya leo. Sasa anaitwa Astatotilapia bloyeti, na anastahili kurudishwa mtoni badala ya kutupwa juani.

Mwonekano wa kifaranga ukikataa kusema, nenda kwa wazazi. Omba kuonyeshwa dume aliye katika msimu wa kuzaa. Wa Wami huwa mweusi tii, mwenye ukingo mwekundu kwenye pezi la mgongo na mkia, taya zake zikiwa kubwa. Sato dume hubaki wa kijivu na kupata wekundu kooni na kifuani. Mfugaji asiyeweza kukuonyesha mzazi hata mmoja anauza jina tu.

Nasisitiza hili kwa sababu perege huyu wa Wami si samaki wa kubeza. Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London alimpa jina hornorum mwaka 1966, na leo wengi humhesabu kuwa umbo la Oreochromis urolepis, aliyeandikwa na Norman mwaka 1922. Kabla hata ya jina la hornorum, mtafiti Hickling alikuwa ametangaza mwaka 1960 kutoka Malacca kwamba dume wa asili hii, aliyetoka Zanzibar, akipandishwa na jike wa perege wa Msumbiji, watoto wote huwa madume. Zanzibar nako, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wamempandisha jike wa sato na dume wa urolepis wakitafuta madume wanaovumilia maji ya chumvi. Damu hiyo ikichanganyika ovyo mtoni, mbegu safi ya kazi kama hizo itatafutwa wapi?

Kwa hiyo hukumu kundi, usimhukumu mmoja. Chota vifaranga kumi na tano hivi bila kuchagua, watazame mmoja baada ya mwingine, na andika ulichokiona mkiani kabla ya kuandika jina. Kundi lenye mikia ya kila namna limetoka kwenye bwawa lililochanganyika, hata muuzaji akiapa. Pale dalili zinapogongana, andika Oreochromis na uishie hapo. Mwongozo wa perege wa Tanzania wa Genner, Turner na Ngatunga, uliotoka mwaka 2018, una picha nzuri za kulinganishia.

Wale wa shaka nawaweka kwenye tangi la zege hadi wafikie upana wa vidole vinne, kisha nawasoma mkia upya. Siwapeleki kamwe kwenye bwawa ambalo maji ya masika hulifikia, kwa sababu kutoka hapo hadi Mto Msowero hawahitaji mtu wa kuwabeba.