Kabla ya Kununua Nyumba Mlola, Pima Kilicho Juu Yake

Anayetafuta nyumba Dar es Salaam huuliza kwanza umbali wa kufika lami, bei ya kiwanja, na kama maji ya bomba yanafika. Akipanda na maswali hayo matatu peke yake hadi Mlola, ng'ambo ya Magamba wilayani Lushoto, anaweza kuondoka na nyumba nzuri iliyokaa mahali pabaya. Usambara Magharibi, milima iliko Lushoto, ni nchi ya miteremko. Maji, udongo, dawa za mashambani na hata homa hufuata mwinuko, na nyumba mbili ambazo wenyewe wanasalimiana kwa sauti kutoka pande mbili za bonde zinaweza kuwa na maisha yasiyofanana kabisa. Ndiyo maana nasema mnunuzi apime mteremko wote, juu na chini ya nyumba, ndipo aingie ndani kuangalia vyumba.

Wenyeji walifanya hivyo zamani, tena kwa hesabu kali. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti kwa Washambaa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu cha The Shambaa Kingdom mwaka 1974, alionyesha jinsi walivyoigawa nchi yao sehemu mbili: Shambaai, milimani penye baridi na migomba, na nyika, tambarare kavu inayozunguka milima. Vijiji vingi vilikaa juu lakini karibu na ukingo wa mlima. Familia ililala penye hewa baridi, migomba ikawa jirani, na bado mtu aliweza kushuka kulima nyika na kurudi. Mvua ikigoma huku, huenda imenyesha kule. Pa kujenga palichaguliwa kwa kuangalia njaa na homa kwa pamoja.

Kuhusu homa, sayansi imekuja kuwaunga mkono. Watafiti waliopima malaria katika vijiji vya Usambara, kuanzia mita 300 hivi hadi zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, walikuta maambukizi yakipungua mno kadiri walivyopanda. Hata hivyo mnunuzi asiridhike na jina la Lushoto. Mlola ina migongo na mabonde yake, na nyumba iliyo bondeni, jirani na bustani za umwagiliaji na madimbwi yasiyokauka, haina hewa ile ile ya nyumba iliyo mgongoni. Uliza akina mama wa nyumba za jirani mara ngapi watoto wamepelekwa kituo cha afya kwa homa tangu masika. Jibu lao lina thamani kuliko maelezo ya dalali.

Sasa tuje kwenye udongo, na hapa naomba msomaji awe mvumilivu kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kiwanja cha mlimani hupatikana kwa kukata. Fundi anachimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini mpaka apate usawa. Asipokuwa makini, nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi asilia na nusu juu ya kifusi. Kifusi huendelea kudidimia kwa uzito na kwa mvua mwaka hadi mwaka, wakati ardhi asilia imetulia. Matokeo yake ni ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au juu ya mlango na kushuka kwa mshazari kuelekea msingi. Mnunuzi ajifunze kuutofautisha na nyufa za plasta. Za plasta ni nyembamba na zimetawanyika kama utando wa buibui. Ufa wa msingi unakuwa mmoja au miwili, una mwelekeo, na ncha ya kisu inaingia. Ukikuta ukuta mmoja tu wa upande wa chini umepakwa rangi mpya na mingine imefifia, simama hapo hapo uulize.

Baada ya hapo zunguka nyuma ya nyumba, upande uliochimbwa. Je, ule ukingo wa udongo umeachwa wima? Una urefu gani ukilinganisha na umbali wake hadi ukutani? Ukingo wima wa udongo mwekundu unaweza kusimama kiangazi kizima bila kudondosha hata bonge moja, ukaja kuporomoka masika udongo ukishalowa na kuwa mzito. Tafuta mstari wa tope kwenye ukuta wa nyuma. Mvua huandika pale kimo cha maji yaliyopita. Tazama miti iliyo juu ya ukingo: mashina yaliyolala kuelekea bondeni kisha yakajinyoosha kwenda juu yanaonyesha kwamba udongo wa pale unatambaa polepole. Nyufa za ardhini zinazokatiza mteremko kwa upana ni ishara mbaya zaidi. Kwa maoni yangu, ukiziona hizo, hakuna punguzo la bei linalotosha.

Tahadhari hii ina sababu. Novemba 2009, katika wilaya jirani ya Same, kwenye milima ya Upare ambayo ni ndugu wa Usambara katika safu moja, maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 20 baada ya mvua kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kupita katikati ya mji wa Katesh. Waliokufa walizidi 80. Katesh ipo chini ya mlima, na wengi wa waliofikwa na balaa hawakuwa wamejenga kwenye mteremko wowote. Walikuwa kwenye njia ya kile kilichotoka juu. Kwa hiyo korongo kavu linalopita mita chache kutoka kwenye kiwanja cha Mlola lisihesabiwe kuwa ni uwazi wa kupumulia. Hiyo ni njia ya maji, hata kama maji yenyewe hayajapita kwa miaka kumi.

Jirani wa juu ndiye jirani mkuu. Anavyolima yeye ndivyo wewe utakavyoishi. Wilaya hii ina historia ndefu ya kuhifadhi udongo, sehemu yake ikiwa chungu. Wakoloni wa Kiingereza walianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko huko Mlalo miaka ya 1940, baadaye wakaueneza Usambara na kuwalazimisha wakulima kutengeneza matuta kwenye miteremko mikali. Watu waliyakataa, na upinzani huo ukawa sehemu ya siasa za kudai uhuru. Kuanzia 1981 mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, ulikuja na njia nyingine: mistari ya majani ya guatemala na miti iliyopandwa kwa kufuata kontua, na ng'ombe kufugwa zizini. Mistari hiyo hadi leo ni kipimo kizuri kwa mnunuzi. Shamba la juu yako likiwa na guatemala iliyoshikana, migrevilea na migomba, maji yanapunguzwa mwendo kabla hayajakufikia. Likiwa limelimwa viazi au kabichi kutoka juu hadi chini bila hata kizuizi kimoja, na mifereji ikielekea moja kwa moja kwenye paa lako, jua kwamba masika utakuwa na koleo mkononi. Jambo hili linazungumzika. Mfuate huyo jirani kabla hujanunua, muulize mfereji ule unatoka wapi na unaishia wapi. Namna atakavyokujibu itakuonyesha pia mtakavyoishi.

Maji ya kunywa nayo yafuatwe hadi chanzo. Maji ya mserereko, yanayoshuka kwa bomba kutoka chemchemi za juu bila pampu, ni neema ya milima hii, lakini foleni ya bombani Januari na Februari ndiyo inayosema ukweli wa mradi. Usitembelee Mei peke yake, kila chemchemi ikiwa imejaa. Tembea ufuate mkondo kuelekea juu. Ukiona bustani za nyanya na kabichi kandokando na vijana wanasafishia bomba la dawa kwenye kijito, familia ya chini isitegemee kijito hicho kwa kuogeshea watoto wala kupikia. Vilevile pima kwa hatua kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mito na vyanzo vya maji vingine. Kiwanja tambarare kilicho bondeni, kile kinachosifiwa kuwa hakihitaji kukatwa, mara nyingi ndicho kinachoangukia ndani ya mita hizo.

Kuna jambo ambalo madalali hawaligusi kabisa, nalo ni tauni. Mwaka 1980 ugonjwa huu uliibuka Lushoto, ukaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20; wagonjwa walizidi 7,000 na mamia ya watu wakafa. Nauleta hapa kwa sababu ya swali walilojiuliza watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa nje: kwa nini kijiji hiki kinapigwa kila mara na cha jirani kinapona? Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2007 walikusanya viroboto majumbani, wakakuta kiroboto wa binadamu akiwa mwingi zaidi katika vijiji vilivyoandamwa na tauni. Tafiti nyingine zilitaja kulala sakafuni na kuhifadhi nafaka ndani ya nyumba, mambo yanayomleta panya na kiroboto karibu na mtu. Kwa mnunuzi wa leo funzo ni la ujenzi. Angalia kama sakafu ni ya saruji au ya udongo, kama mahindi yatapata ghala la nje, kama dari ina matundu ya panya. Nyumba kuukuu yenye dari iliyojaa magunzi inaweza kukarabatiwa, lakini gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo ya bei mapema.

Barabara sitaisemea mengi. Mzigo wa Mlola unatoka kwa kupitia Magamba na Lushoto, kisha unashuka kwa Soni hadi Mombo kwenye barabara kuu, na kipande cha Lushoto hadi Mombo, kilomita zisizopungua 30 za kona, hupata mawe na udongo ulioporomoka kila masika yakiwa makali. Fanya safari moja mvua ikinyesha, tena usiku, kama vile una mgonjwa wa kumfikisha hospitali ya wilaya. Shule ipimwe kwa miguu ya mtoto wa darasa la kwanza anayepanda kilima akirudi, maana kushuka asubuhi hakumchoshi mtu. Na kwa kuwa sisi tupo kusini mwa ikweta, Juni na Julai jua huegemea kaskazini. Nyumba iliyojificha kwenye mteremko unaoelekea kusini itakuwa na baridi na ukungu zaidi miezi hiyo, na nguo zitachelewa kukauka.

Hata hivyo yote haya yanaweza kukaa sawa, kisha ukapoteza nyumba kwa karatasi. Uliza kwanza kama eneo ni ardhi ya kijiji au ni kiwanja kilichopimwa. Kwa ardhi ya kijiji inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake kwenye karatasi ya mauziano hautoshi. Idhini itoke kwenye kikao cha halmashauri, iandikwe kwenye muhtasari, nawe upate nakala. Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu. Mke au mume wa muuzaji naye lazima aridhie: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Na Mlola, kama kwingineko Usambaani, sehemu kubwa ya ardhi imeshuka kutoka kwa babu. Kaka mmoja anaweza kukuuzia kipande ambacho ndugu zake wanakihesabu bado ni cha ukoo, na dada aliyeolewa Korogwe akaja kudai miaka mitano baadaye, akiwa na haki kabisa. Waite wote, pamoja na majirani wa mipaka minne, mtembee mpaka kwa mpaka mkiwa pamoja. Mti wa mpaka utajwe na kuandikwa. Kama kuna njia ya miguu inayokatiza kwenye kiwanja kwenda kisimani au makaburini, nayo iandikwe, maana hutaweza kuifunga.

Muuzaji akikuhimiza ulipe kabla halmashauri haijaketi, au kabla masika hayajaanza, usilipe.