Akisami si orodha ya kukaririwa

Juma lililopita, mjukuu wangu wa Gredi ya Tano alinikariria akisami kwa pumzi moja: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Hakukosea hata moja. Mezani palikuwa na chapati, nikamuuliza: kati ya robo ya chapati na thumuni yake, ungechagua ipi?

“Thumuni, babu. Si nane inashinda nne?”

Nilimwomba kitabu chake cha Kiswahili. Akisami zimepangwa katika jedwali, tarakimu kushoto, neno kulia, kisha zoezi: andika kwa maneno. Hakuna mahali mtoto anapotakiwa kukata kitu wala kulinganisha vipande. Mwalimu wa Kiswahili anadhani hiyo ni kazi ya mwenzake wa Hisabati. Naye wa Hisabati, anayefundisha kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya Nne, hana haja na sudusi wala humusi. Basi mtoto anabaki na maneno bila hesabu huku, na hesabu bila maneno kule.

Sina ugomvi na maneno yenyewe, ingawa wapo wenzangu wanaosema hicho ni Kiarabu kitupu, afadhali tuseme “moja ya tano” yaishe. Maneno haya yana kazi. Katika mirathi ya Kiislamu, mjane hupata thumuni ikiwa marehemu mumewe aliacha watoto. Kama hakuacha, hupata robo. Mjane anayefuatilia kesi yake katika Mahakama ya Kadhi hawezi kudhani kwamba thumuni inashinda robo. Anajua kinachogawanywa: mali iliyobaki baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia.

Hapo ndipo vitabu vyetu vinapopotoka. Akisami lazima iwe ya kitu fulani. Chukua thumni, jina tulilozoea kuiita sarafu ya senti 50. Mtoto aliyefunzwa kwamba thumuni ni 1/8 ana haki ya kuuliza: mbona senti 50 ni nusu ya shilingi? Je, wazee walikosa hesabu? La hasha. Thumni ilikuwa sehemu ya nane ya riale, na riale moja ilikaribia rupia 2. Thumni basi ikawa sawa na robo ya rupia. Shilingi ilipoingia mwaka 1921, iliyokuwa rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi 2, na robo yake ikawa senti 50. Pesa ni ileile: thumuni ya riale, robo ya rupia, nusu ya shilingi. Kipindi kizima cha akisami kimo katika sarafu hiyo moja, tena cha Kiswahili na Hisabati kwa pamoja, lakini katika vitabu nilivyopitia sijaona hata kimoja kinachoitaja.

Kwa wandishi wa vitabu hivi, ombi langu ni dogo. Kila mnapoandika “thumuni”, ongezeni “ya nini”.

Chapati tuliikata. Mjukuu alipoviona vipande vinane, alighairi haraka sana, akataka robo. Kisha, huku akitafuna, akaniuliza kama swali hilo hutoka mtihanini.

Nikamwambia hapana.