Dakika Moja na Nusu Juu ya Kaango

Jioni, katika Jiji la Mexico, mpishi wa nyumbani aliyetoka kazini na njaa yake hahitaji kuuliza kama kuna nyama. Anateleka comal, kaango bapa la chuma au la udongo, ndugu wa kaango la chapati, na kuliacha lishike moto barabara. Maharage meusi yaliyobaki jana anayaponda katika mafuta yenye kitunguu. Nyanya na pilipili anazibabua mpaka ngozi iwe nyeusi, kisha anazitwanga na chumvi. Anapasua parachichi, anakamua ndimu. Robo saa haijaisha vizuri, watu wanakula taco: tortilla, mkate bapa wa mahindi, iliyokunjiwa vyote hivyo.

Wepesi huo umetanguliwa na kazi ya usiku kucha. Mahindi makavu huchemshwa katika maji ya chokaa, yakalala humo hadi asubuhi, ganda likalegea na kuteleza chini ya vidole. Wanahua, wenyeji wa kale wa Mexico, waliyaita nixtamalli, jina lenye neno nextli, majivu, ndani yake. Kwa karne nyingi wanawake waliyasaga wakiwa wamepiga magoti mbele ya metate, jiwe lenye mteremko, na kazi hiyo ilikula saa nyingi za siku. Leo wengi hununua donge kwa msagaji wa mtaani, au unga uliokwisha kutiwa chokaa, unaotaka maji tu. Kampuni ya Maseca ilianza kuusaga Cerralvo, kaskazini mwa nchi, mwaka 1949.

Bila chokaa hakuna tortilla ya mahindi. Unga wa sembe ukikandwa kwa maji hupasuka pembeni na kukatika ukikunjwa, ila uliopitia chokaa hushikana. Na kuna faida isiyoonekana kwa macho: chokaa huifungua niasini, vitamini iliyofungiwa ndani ya punje. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, ujuzi huo haukusafiri nayo. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal wa Asturias, Hispania, alieleza ugonjwa uliochubua ngozi za maskini walioishi kwa mahindi, ndio pelagra. Afrika Mashariki nayo iliyapokea mahindi bila chokaa, ikayapikia ugali.

Asiyekula nyama naye asijione mgeni mbele ya taco. Kabla ya Hernán Cortés kufika mwaka 1519, Mexico haikuwa na ng'ombe, nguruwe, mbuzi wala kuku. Bata mzinga walikuwapo, lakini mlo wa kila siku wa watu wengi ulikuwa mahindi, maharage, maboga na pilipili. Sokoni leo bado kuna maua ya maboga yanayouzwa kwa mafungu, na mpungate mchanga uliokwanguliwa miiba. Kuna pia huitlacoche, kuvu anayevimbisha punje na kuzitia weusi. Mkulima wa kwingineko angelichoma gunzi hilo. Mpishi wa Mexico hulilipia, akalikaanga na kitunguu, na ladha yake ina uzito ambao nyama nyingi hazina.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye viganja. Kidonge cha ukubwa wa ndimu hubanwa kati ya vipande viwili vya nailoni, kikatandazwa na kutua kaangoni kwa upole. Kitambo kidogo, kigeuzwe. Upande wa pili hukaa zaidi, hadi madoa ya kahawia yatokee. Kigeuzwe tena, na hapo, kama unyevu na moto vilikuwa sawa, mvuke huinua ngozi ya juu na tortilla hufura kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Yote hayo ni dakika moja na nusu hivi. Donge likiwa kavu, halifuri; kaango likiwa baridi, donge linanata.

Zilizoiva hufunikwa kwa kitambaa zisikauke. Ile ya kwanza aghalabu haifiki mezani: mpishi huinyunyizia chumvi, akaiviringisha na kumpa mtoto aliyesimama karibu na jiko, naye akaila huku akiihamisha mkono huu hadi mwingine kwa moto.