Namba Isiyo Jina: Uhakiki wa Msimbo wa L katika Utambulisho wa Kambare

Wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa wa Ulaya na Marekani, wana utaratibu wa kuwataja kambare ambao yafaa wataalamu wa istilahi wautazame. Mfugaji hasemi jina. Husema "L 46" au "L 18", na mwenzake akafahamu. Utaratibu huo ulianzishwa mwaka 1988 na jarida la Kijerumani liitwalo DATZ, kwa kuwa shehena za kambare wenye mabamba mwilini kutoka mito ya Amerika ya Kusini zilifika madukani kwa kasi kuliko wanasayansi walivyoweza kuwapa majina ya Kilatini. Herufi L yatokana na Loricariidae, familia ya samaki hao. Kila mgeni alipigwa picha, akatajwa alikotoka, akapewa namba iliyofuata.

Kwa maoni yetu, sifa kubwa ya msimbo huu ni unyofu. Namba haidai kujua nasaba ya samaki. Yasema tu kwamba huyu ndiye aliyeonekana katika picha fulani, kutoka mto fulani. Istilahi nyingi zinazoletwa mezani petu hazina unyofu huo: hubuniwa kwa haraka, zikavaa sura ya elimu, na kosa likishaingia vitabuni ni shida kuling'oa.

Kasoro huanza pale namba inaposomwa kana kwamba ni spishi. Samaki mmoja wa madoa ya manjano wa mto Xingu, Brazili, alikuwa na namba nne, yaani L 18, L 81, L 85 na L 177, kwa sababu madoa yake hutofautiana kwa umri na kwa mahali. Mwaka 2011 wanasayansi waliwakusanya wote katika spishi moja, Baryancistrus xanthellus. Wafugaji hawakuziacha namba zao, wala hatuwalaumu, maana namba humweleza mtu asili ya samaki wake, jambo ambalo jina la spishi halimwambii. Lawama yetu ni kwa muuzaji abandikaye namba kwa kutazama rangi tu, ilhali hajui samaki alivuliwa wapi.

Wala hili si jambo la sebuleni tu. Kambare wa milia myeusi na myeupe, L 46, alipewa jina la Hypancistrus zebra mwaka 1991. L 98 nayo ni namba yake. Mwaka 2022 aliingizwa katika Nyongeza ya Pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mkataba hutaja spishi, hautaji namba. Afisa wa forodha aliyeshika hati yenye "L 98" ameshika tarakimu tu, na asipokuwa na orodha ya kuilinganisha, samaki anayelindwa hupita mbele ya macho yake.

Tukigeukia kwetu, kambare wa jenasi Synodontis walio katika Ziwa Tanganyika huuzwa ng'ambo kwa majina ya Kilatini, nayo yamepata kupotosha kuliko namba. Kwa miaka mingi mmoja wao, mdogo wa madoadoa, aliuzwa kwa jina la Synodontis petricola, jina lililotolewa mwaka 1959 kwa samaki mwingine. Wright na Page walipowapitia upya samaki hao mwaka 2006, walimtenga na kumwita Synodontis lucipinnis. Kosa lilidumu kwa kuwa jina lilionekana kamili. Namba ingaliacha swali wazi.

Neno kambare nalo limebebeshwa kundi zima la samaki hawa, kama tulivyolitumia hapa, ilhali kwa mvuvi ni Clarias. Hata kamongo, asiye wa jamii hiyo kabisa, huitwa kambare mamba. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wana neno gogogo kwa Synodontis, samaki atoaye sauti kwa kusugua mwiba wa pezi lake. Nasi masikio yetu huisikia sauti hiyo katika jina. Kumwita samaki huyu "kambare mlio" au "kambare madoa", huku neno lipo ziwani, ni kazi bure.

Kwa hiyo tunapendekeza gogogo liwe neno la jenasi hiyo, na aina zake zipambanuliwe kwa sifa au kwa mahali. Aina isiyobainishwa bado iandikwe gogogo, kisha mahali alipovuliwa na tarehe, bila kutungiwa jina.