Jahazi la Kandambili na Bomba la Nairobi: Ni Sanaa Ipi Inayomshirikisha Mtazamaji?

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki kazi za maneno: riwaya, tamthilia, ushairi. Sanaa ya vitu, hasa ile inayosimikwa mahali ili mtazamaji aiguse, aizunguke au aingie ndani yake, tunawaachia watu wa uchoraji na uchongaji. Insha hii inajaribu kuvuka mpaka huo. Inahakiki kazi mbili za Afrika Mashariki zilizotengenezwa kwa taka za plastiki: jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu na kushushwa majini Septemba 2018, na bomba kubwa lililosimikwa Nairobi mwaka 2022. Swali ni hili: ni ipi kati ya kazi hizo inayomshirikisha mtazamaji kwa kweli, na ni ipi inayomwacha kama alivyokuja? Nitatumia zana tunazozijua darasani, yaani fani na maudhui, pamoja na uhusiano wa fanani na hadhira.

Tuanze na bomba, kwa kuwa ndilo rahisi kusomeka. Msanii wake ni Benjamin Von Wong, raia wa Kanada. Lilisimikwa katika makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, Gigiri, wakati wajumbe wa nchi za dunia walipokutana kuzungumzia plastiki. Lilikuwa na urefu wa takriban mita 9. Lilining'inia hewani kama robine iliyosahauliwa wazi, na badala ya maji lilimwaga chupa, mifuko na vifuniko vilivyokusanywa Kibera. Tarehe 2 Machi 2022 wajumbe hao walikubaliana kuanza mazungumzo ya mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, na picha ya bomba hilo ikaenea pamoja na habari ya makubaliano.

Kifani, kazi hii ni sitiari moja iliyokuzwa. Methali yetu husema maji yakimwagika hayazoleki, na bomba linasema jambo lile lile kwa macho: usihangaike kufuta sakafu kabla hujafunga robine. Maudhui yake ni sahihi, maana kuokota taka bila kupunguza uzalishaji ni kazi isiyokwisha. Hata hivyo sitiari hii humalizika mara tu inapoeleweka. Mtazamaji hufika, huinua kichwa, huelewa, hupiga picha, huondoka. Amepewa swali na jibu kwa pamoja. Tena mkono wa kufunga bomba hilo uko juu sana, hakuna anayeufikia. Mtu anaweza kutetea kwamba ndivyo ilivyokusudiwa: wenye uwezo wa kufunga ni serikali na viwanda, si mpita njia. Utetezi huo una nguvu, na kwa wajumbe waliokuwa ukumbini bomba lilikuwa na maana kamili. Kwa mkazi wa Kibera, ambaye mtaa wake ndio uliotoa taka hizo, lilibaki kitu cha kutazamwa kwa mbali.

Jahazi la Flipflopi lina mwendo mwingine. Wazo lilitoka kwa Ben Morison, na kazi ikaongozwa na fundi Ali Skanda wa Lamu akiwa na mafundi wenzake. Walitumia takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na kandambili zipatazo 30,000, zile tunazoziita pia ndala. Plastiki iliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili ipatikane mkuku, mataruma na mbao, kisha mafundi wakaichonga kwa mikono kama wanavyochonga mti. Kandambili zilikatwa vipande na kupambwa ubavuni mwa chombo, rangi juu ya rangi. Kilichopatikana ni jahazi la mita 9 lenye mlingoti, tanga na usukani, na si sanamu ya jahazi: linaelea na linasafiri. Mapema mwaka 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya takriban kilomita 500, likitua katika miji na vijiji vya pwani. Mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Viktoria, likipita Kenya, Uganda na Tanzania.

Hapa ndipo dhana ya fanani na hadhira inapotusaidia. Katika fasihi simulizi, fanani hasimulii mbele ya watu waliokaa kimya. Akisema "paukwa", lazima asikie "pakawa", la sivyo hadithi haianzi. Akisema "kitendawili", hadhira husema "tega", na kwa neno hilo imekubali kazi ya kufikiri. Kwa hiyo sanaa inayomtaka mpokeaji atende si kitu kilicholetwa juzi kutoka makumbusho ya Ulaya. Bibi zetu waliijua.

Jahazi la kandambili linafanya kazi kama kitendawili kilichotegwa ufukweni. Ni mbao, lakini hakuna mti uliokatwa. Ni taka, lakini inabeba watu. Mtoto wa shule anayepanda ndani yake anajua kandambili ni nini. Pengine anayo mguuni. Anapapasa ubao, anatafuta nyuzi za mti, hazipo. Mkono wake unauliza kabla mwalimu hajaeleza. Na jibu si moja. Mmoja atasema plastiki ni mali iliyotupwa ovyo. Mwingine atasema ikiwa kitu hiki kina nguvu ya kuhimili mawimbi, basi kile kilichobaki baharini nacho hakitaoza leo wala kesho. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yanavutana.

Jambo la pili linalolipa jahazi hili uzito ni uhusiano wake na mti. Lamu imeishi kwa misitu ya mikoko na kwa ustadi wa kuunda vyombo. Februari 2018, miezi michache kabla ya Flipflopi kushushwa majini, serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti misituni, na wakata mikoko wa Lamu waliguswa na amri hiyo. Fundi anayeshika tezo juu ya plastiki anaonyesha jinsi ujuzi wa mababu unavyoweza kuhamia kwenye malighafi ngeni bila kufa. Papo hapo anatuonyesha hasara: nyenzo ya kuundia chombo, iliyokuwa ikitoka msituni, sasa inatoka jalalani. Sioni sababu ya kuchagua kati ya fahari na huzuni katika kazi hii, kwani zote mbili zimechongwa ndani ya ubao mmoja.

Hata hivyo uhakiki usiwe sifa tupu. Jahazi hili lina kasoro mbili zinazostahili kusemwa. Kwanza, uzuri wake unaweza kutulaghai. Rangi za kandambili zinafurahisha macho kiasi kwamba mtazamaji aweza kurudi nyumbani akidhani tatizo limepata dawa: tutupe tu, mafundi watatengeneza mashua. Bomba la Nairobi, pamoja na ubaridi wake, halifanyi kosa hilo. Pili, plastiki inayopigwa na jua na kusuguliwa na mchanga humeguka vipande vidogo sana. Chombo kinachopinga plastiki majini nacho ni plastiki iliyo majini. Waundaji wake wanaweza kujibu kwamba safari moja ya jahazi si kitu ukilinganisha na taka zilizokwisha kumwagwa, na jibu hilo linakubalika. Ila kazi yenyewe ingekuwa na kina zaidi kama ingelibeba swali hilo waziwazi, badala ya kuliacha kwa wahakiki.

Sasa turudi kwetu. Kwa nini mwanafunzi wa Bujumbura ajali chombo cha Lamu? Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 na linagawanywa na nchi nne. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na huchukua mamia ya miaka kabla ya kubadilika yote. Bahari ina maji kupwa na maji kujaa, na mtu wa pwani anaweza kujidanganya kwamba taka imechukuliwa na mkondo. Sisi hatuna hata udanganyifu huo. Chupa inayoshuka na mto Ntahangwa wakati wa mvua inafika ziwani na kukaa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Plastiki ikizunguka ziwani, marejeo yake ni mahali wanapovuliwa ndagala na mukeke, kisha sahani zetu.

Burundi ilitia saini amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2018, ikatoa miezi 18 ya kujiandaa. Amri hukataza kitu, lakini haimfundishi mtu kukitazama upya. Kazi hiyo ndiyo ya sanaa. Na kwa kipimo cha insha hii, kazi ambayo ingefaa ufukwe wetu haitakuwa nakala ya Flipflopi. Kandambili na jahazi ni lugha ya Lamu. Huku tuna bido za manjano ambazo kila nyumba huzipanga foleni penye maji, tuna mitumbwi ya wavuvi wanaotoka usiku na taa, na tuna mafundi wa Buyenzi ambao hakuna chuma wala mpira wanaoushindwa. Kazi inayozaliwa kutokana na vitu hivyo, ikiundwa na mikono hiyo hiyo, ingemkuta mtazamaji akiwa tayari ana la kusema.

Kwa hukumu ya mwisho, bomba la Nairobi ni hotuba nzuri, na hotuba ina mahali pake, hasa mbele ya watunga sheria. Jahazi la Lamu ni kitendawili, na ndilo linalomshirikisha mtazamaji zaidi, licha ya kasoro zake, kwa sababu linakubali kuguswa, kupandwa na hata kubishiwa. Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wala gharama. Inatokana na mahali fanani alipomweka mwenzake: chini ya kazi akitazama juu, au ndani yake akishika kamba ya tanga.